Kompyuta ndogo ya mezani kwa pesa ndogo: ipi ununue Unguja na Pemba, na uiongeze nini

Pesa ya kompyuta ikiwa kidogo, itie kwenye kile ambacho hutaweza kukibadilisha baadaye. Ramu (kumbukumbu ya kazi) utaongeza mwezi ujao, diski utabadilisha ukijaaliwa, skrini hata ya kuazima inafaa kwa kuanzia. Prosesa (akili ya mashine) na mazabodi (bodi kuu) ukishavinunua ndivyo hivyo. Kwa hiyo mashine yenye prosesa ya kizazi cha 8 (toleo la Intel, namna ya kulisoma iko chini) na ramu GB 4 na isiyo na diski kabisa ni bora kuliko ya kizazi cha 4 iliyojazwa ramu GB 16 na SSD (diski ya kasi isiyozunguka) kubwa. Matangazo mengi ya mauzo yamekaa kinyume: ramu na diski huandikwa kwa herufi kubwa, na kizazi cha prosesa hakitajwi mpaka uulize. Uliza.

Tunazungumzia hapa kompyuta za maofisi zilizokwishatumika, Dell, HP na Lenovo, zile zinazofika Darajani na Mlandege kutoka Dubai, kutoka Ulaya au kupitia Kariakoo ya Dar es Salaam. Zilitengenezwa zifanye kazi kutwa kwa miaka, hufunguka kwa urahisi, na ramu na diski zake zinabadilishika.

Kusoma kizazi

Tazama tarakimu zinazofuata i3, i5 au i7. Katika i5-8500T, ile 8 ndiyo kizazi; i5-6500 ni kizazi cha 6; i5-4590 ni cha 4. Herufi T mwishoni maana yake prosesa imewekewa kiwango cha wati 35 badala ya 65, na ndiyo inayotiwa kwenye vikasha vidogo.

Kizazi cha 8 kina sababu mbili za kutafutwa. Kwanza, hapo ndipo i5 ya mezani ilipotoka kwenye viini 4 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja) ikawa na 6, na hata i3-8100 ikapata viini 4 kama i5 za zamani. Pili, Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, pamoja na TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine). Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Anayekuuzia kizazi cha 6 kwa bei ya kizazi cha 8, huku akisema "inakubali Windows 11", anakusudia ile ya kulazimisha. Inawaka kweli, lakini Microsoft haikuahidi kwamba itaendelea kupata masasisho.

Namba moja: kikasha kidogo cha kizazi cha 8 au 9

Hiki ndicho tunachokipendekeza kwa mwanafunzi wa chuo, duka la kuchapisha, kaunta ya nyumba ya wageni na ofisi ya watu wachache. Urefu na upana ni kiasi cha sentimita 18, unene sentimita 3.5, na umeme unaingia kwa adapta ya nje kama laptopu. Modeli za kutafuta ni Lenovo ThinkCentre M720q na M920q, Dell OptiPlex 3060, 3070 na 7060 Micro, na HP EliteDesk 800 G4 Mini pamoja na ProDesk 600 G4 Mini. Ukipata i5-8500T au i5-9500T, chukua. i3-8100T nayo ni nzuri kwa hati, mtandao na hesabu za duka. Usiongeze pesa nyingi kufuata i7, kwani joto lake ndani ya kikasha hiki hula sehemu ya faida.

Kati ya kampuni hizo tatu, sisi tunaanza na Lenovo M720q. Ina tundu la skrini la HDMI na la DisplayPort bila kuhitaji kibadilishio, ina nafasi 2 za ramu, nafasi 1 ya SSD ya M.2 (ile ya mfano wa kijibao, inayochomekwa kwenye bodi) na pahala pa diski ya inchi 2.5. Dell zinafuatia kwa karibu sana. 3060 na 3070 zina HDMI na DisplayPort, ila Dell zote zina tabia moja kuhusu adapta ambayo tutaieleza. HP 800 G4 imejengwa imara na ina nafasi 2 za SSD za M.2, lakini aghalabu matundu yake ya skrini ni DisplayPort, kwa hivyo weka akiba ya waya.

Sababu ya kuweka vikasha hivi juu kabisa huku kwetu ni umeme. Katika kazi za kawaida, mashine kama hii hutumia wati 10 hadi 25 tu, na prosesa ikikazana sana hufika 50 na kitu. Ukiweka tokeni kwenye mita ya TUKUZA utaiona tofauti na kasha kubwa la zamani. Kubwa zaidi ni kwamba UPS ndogo (betri ya kushikilia umeme ukikatika) inaimudu. Na adapta ikiungua, inabadilishwa dukani kwa dakika moja, mashine yenyewe salama.

Namba mbili: kasha la kulala la kizazi cha 8

OptiPlex 3060 au 5060, HP EliteDesk 800 G4 na Lenovo M720s, zote za umbo jembamba la kulala, mara nyingi huuzwa bei sawa na vikasha au chini yake, kwa sababu zinachukua nafasi. Humo unapata prosesa ya wati 65, pahala pa diski kubwa ya inchi 3.5, na nafasi ya kadi ya picha ya kimo kifupi. Kwa mtu wa kuhariri video za harusi au kuhifadhi picha nyingi, hii ndiyo namba moja yake. Udhaifu ni kisanduku cha umeme cha ndani: kila kampuni ina umbo lake na plagi zake, na kile cha kawaida cha dukani hakiingii. Kikiungua, itabidi utafute cha modeli hiyo hiyo.

Namba tatu: mashine mpya yenye Intel N100

Hizi ni vijisanduku vipya kutoka China, vya majina mengi. N100 ilitoka mwaka 2023, ina viini 4, inatumia umeme kidogo mno na inakubali Windows 11. Nguvu yake inakaribiana na i5 ya kizazi cha 6, iko nyuma ya i5-8500T. Kwa jinsi hiyo si mbaya, na ina udhamini ikiwa muuzaji ni wa kuaminika. Kinachoishusha ni ramu: nyingi zina nafasi moja tu, nyengine ramu imechomelewa kwenye bodi na haiongezeki. Ukinunua yenye GB 8 iliyochomelewa, utakaa na GB 8.

Inapopanda hadi namba moja ni pale penye sola. Nyingi zinatumia volti 12, na zinaweza kuendeshwa na betri bila kupitia inveta. Ila usiunge moja kwa moja. Betri ya "volti 12" ikiwa inachajiwa hufika volti 14.4, na hiyo inatosha kuua mashine. Weka kidhibiti cha volti kinachotoa 12 kamili, na kiwe cha ampea 5 hata kama adapta yake inasema 3.

Namba nne: kikasha cha kizazi cha 6 au 7

Dell 3050 Micro, HP 800 G3 Mini, Lenovo M710q. Ukikubali kutumia Linux Mint au Ubuntu (mifumo ya bure badala ya Windows), hizi zina miaka mingi mbele yake. Kwa mashine ya kuuzia dukani, ya watoto kujifunzia kuandika au ya kutazamia kamera, zinatosha. Kanuni yetu ni hii: tofauti ya bei na kizazi cha 8 ikiwa chini ya laki moja na nusu, ongeza uchukue cha 8. Ikizidi hapo na huhitaji Windows 11, chukua hii kwa moyo mweupe.

Ipo moja ya kujihadhari nayo katika kundi hili, Dell OptiPlex 3040. Ni kizazi cha 6 lakini inatumia ramu ya DDR3L, wakati 7040 ya kizazi hicho hicho inatumia DDR4. Ukinunua 3040, ramu yake hutaihamishia kwenye mashine ya DDR4 utakayonunua baadaye.

Chini ya hapo, yaani kizazi cha 4 kama OptiPlex 3020 na 9020, chukua ikiwa umepewa au bei ni ya kutupa. Core 2 Duo na vijisanduku vya Celeron vyenye diski iliyochomelewa ya GB 32, viache.

Adapta ndiyo yenye kuharibu biashara

Vikasha vingi hufika bila adapta, na muuzaji hukupa yoyote inayoingia. Dell na HP zinataka volti 19.5, Lenovo volti 20 kwa plagi ya mstatili. Kwa zenye prosesa ya T, kawaida ni wati 65. Dell ina sindano katikati ya plagi inayoiambia mashine hii ni adapta gani. Ukitumia isiyotambulika, inawaka, inatoa onyo mwanzoni kwamba aina ya adapta haijulikani, kisha inaishusha prosesa hadi kasi ndogo mno. Watu wengi hulaumu Windows, hupiga Windows upya mara mbili, na tatizo liko pale pale. Fungua Task Manager, sehemu ya utendaji: prosesa ikiganda kwenye GHz 0.8 au karibu na hapo hata ukifungua video, badilisha adapta kwanza.

Bei ya mashine isiyo na adapta uijumlishe na adapta kabla ya kulinganisha. Na anayerudi nayo Pemba anunue adapta ya akiba kabla hajapanda boti.

Kukagua kabla ya kulipa

Usikubali kuoneshwa mashine ambayo tayari imewaka. Izime, iwashe wewe. Kwa Dell bonyeza F2, kwa HP F10, kwa Lenovo F1, uingie kwenye bayosi (ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe). Ikikudai neno la siri ambalo muuzaji halijui, iache hapo hapo. Ni ya ofisi fulani, na kwa mashine hizi kulifuta si jambo la kutoa betri tu. Ikifunguka, soma humo jina la prosesa, kiasi cha ramu na kama nafasi zote mbili za ramu zinasomeka. Stika ya i5 nje haina maana yoyote, inabandikwa na mtu. Tazama na tarehe: ikiwa imerudi miaka nyuma, betri ndogo ya CR2032 imekwisha. Hiyo ni rahisi kubadilisha, na ni sababu halali ya kuomba punguzo.

Kwa Dell, bonyeza F12 wakati wa kuwaka uchague kipimo cha mashine (Diagnostics). Kinapima ramu, feni na diski chenyewe. Kwa zote, chomeka fleshi kwenye kila tundu la USB, chomeka waya wa mtandao uone taa, weka spika. Kisha cheza video kwa dakika 20. Feni ikinguruma muda wote au mashine ikijizima, pesti ya prosesa (krimu ya kupitisha joto) imekauka au feni imechoka.

Diski iliyomo ipime kwa CrystalDiskInfo. Ni programu ya bure na inaingia kwenye fleshi. Ikiandika tahadhari kwa rangi ya manjano au nyekundu, hesabu kwamba mashine haina diski na ushushe bei.

Jambo la visiwa: geuza mashine uangalie matundu ya nyuma na kingo za bati. Kutu nyekundu kidogo kwenye bati si kitu. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe kwenye pini za matundu au kwenye meno ya ramu, chumvi na unyevu vimeshaingia ndani na hitilafu zake zitakuwa za kuja na kuondoka, ambazo fundi huhangaika nazo mwezi mzima. Hiyo usinunue hata kwa nusu bei.

Kuiongeza: ramu kwanza au SSD kwanza?

Ikiwa ina diski ya kuzunguka, SSD kwanza, bila mjadala. Hakuna kitu kingine kinachobadilisha mashine kwa kiasi hicho. Ikiwa tayari ina SSD na ramu ni GB 4, ramu kwanza.

Vikasha vidogo hutumia ramu fupi ya laptopu. Kasha la kulala hutumia ramu ndefu. Kizazi cha 8 kinataka DDR4, kwenye lebo utaona maandishi PC4. Kasi ya asili ni 2666, lakini ya 3200 inakubali na kushuka yenyewe. Nunua mbili zinazolingana badala ya moja kubwa: GB 4 mbili au GB 8 mbili. Sehemu ya kutoa picha kwenye mashine hizi huazima ramu, na ramu mbili zikifanya kazi pamoja, video na skrini kubwa huenda laini zaidi. GB 8 ni ya kuanzia. GB 16 inatosha kwa karibu kila kazi ya ofisi.

Kwa SSD, chukua ya M.2 yenye mkato mmoja, ile ya NVMe. Yenye mikato miwili kwa kawaida ni ya SATA na si kila mashine inaisoma. GB 256 zinatosha. Sababu ya kuipenda M.2 kuliko ya inchi 2.5 ni kwamba mashine nyingi za mtumba hufika zimekwishanyofolewa kitanda cha diski na utepe wake, na hivyo vitu viwili kuvipata peke yake ni tabu. Angalia pia kama skrubu ndogo ya kushikia M.2 ipo.

Kazi yenyewe haifiki nusu saa. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10 chaji iliyobaki itoke, gusa bati. Legeza skrubu moja ya nyuma na usukume kifuniko. Kwenye Lenovo M720q, ramu na M.2 ziko upande wa chini, kwa hivyo baada ya kifuniko cha juu sukuma na cha chini. Futa meno ya ramu kwa kifutio cha penseli, kisha kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, iache ikauke. Ingiza ramu kwa mshazari, ikandamize mpaka vishikio vya pembeni vilie.

Ukiwasha mara ya kwanza, skrini inaweza kukaa nyeusi dakika nzima. Mashine inaipima ramu mpya. Subiri. Ikipita dakika tatu, au taa ya Dell ikimemeta rangi ya machungwa, ramu moja haijakaa. Itoe, jaribu moja moja, kila nafasi.

SSD mpya isipoonekana wakati wa kupiga Windows au Linux kwenye Dell, sababu mara nyingi ni mpangilio wa diski kwenye bayosi uliowekwa RAID. Ubadilishe uwe AHCI kabla ya kuanza. Ukibadilisha baada ya Windows kuingia, haitawaka.

Maadamu umeshaifungua, badilisha pesti. Toa skrubu za kipoza joto kwa mshazari, kidogo kidogo, safisha pande zote mbili, weka kiasi cha punje ya mchele katikati, rudisha. Feni ipulizwe huku umeizuia kwa kidole isizunguke, na usipulize kwa mdomo, unyevu wa pumzi unabaki ndani. Nyumba ya karibu na pwani, rudia usafi kila miezi minne; mbali na pwani, miezi sita. Na mashine isielekezwe kwenye dirisha la upepo wa bahari. Mashine inayowashwa kila siku huathirika kidogo kuliko iliyofungiwa kabatini msimu mzima wa masika, kwa sababu joto lake lenyewe linafukuza unyevu.

Windows ya kuchakachua usiikubali hata ukipewa bure. Mashine nyingi za ofisi zina leseni ya Windows Pro ndani ya bayosi. Pakua Windows 11 kwa chombo cha Microsoft chenyewe, itie kwenye fleshi ya GB 8, chagua Pro, na ikiunganishwa na mtandao mara nyingi inajikubali yenyewe. Kama inadai TPM, ingia bayosi uiwashe. Kwenye Dell inaweza kuitwa PTT.

Skrini, Wi-Fi na umeme

Skrini ya inchi 19 hadi 22 iliyotumika inatosha. Ikiwa ina VGA pekee, nunua kibadilishio chenye kidude cha umeme ndani yake, si waya mtupu. Waya wa DisplayPort kwenda HDMI unafanya kazi upande mmoja tu: mashine upande wa DisplayPort, skrini upande wa HDMI. Wi-Fi mara nyingi haimo, au kadi imo na antena zimekatwa. Kidude cha USB kinamaliza shida hiyo, lakini kama ruta iko chumba hicho hicho, tumia waya.

Unguja inapata umeme wa gridi kwa waya wa chini ya bahari unaoingilia Fumba, na Pemba kwa waya kutoka Tanga tangu 2010. Njia ikipata hitilafu, kisiwa kizima huzimika, na hatari kwa kompyuta ni pale umeme unaporudi kwa kishindo. Nunua UPS ya VA 650 yenye kurekebisha volti. Betri yake ya kawaida ni volti 12, Ah 7, yaani Wh 84 kwa hesabu. Usitegemee zaidi ya nusu ya hizo. Kikasha na skrini vikila wati 40 pamoja, bado unapata dakika 40 hadi 60 ikiwa betri ni mpya. Printa ya leza usiichomeke humo kamwe. Kwenye bayosi tafuta mpangilio wa umeme ukirudi, uweke ibaki imezimwa, ili isijiwashe katikati ya umeme unaokuja na kukatika.

Skuli inayonunua mashine kumi kwa chumba cha kompyuta ichukue modeli moja kwa zote, hata kama duka lina mchanganyiko wa bei nafuu zaidi, na iongeze adapta mbili na ramu mbili za akiba kwenye risiti hiyo hiyo. Mashine moja ikifa kabisa, ndiyo itakayotoa vipuri vya tisa zilizobaki.